Namna ya kutoa maoni juu ya fomu I-566: mwongozo kwa familia za wanadiplomasia walioko Marekani

Mwezi wa tatu tangu tufike Maryland nilipata kazi ya kufundisha chekechea, na sikuweza kuianza. Mume wangu alikuwa amepangiwa kituo ubalozini Washington. Mimi na watoto tukamfuata. Sheria ya Marekani haimruhusu mwenza wa mwanadiplomasia kufanya kazi ya mshahara hadi kadi ya kibali iwe mkononi mwake, na njia ya kuipata kadi hiyo inaanzia kwenye fomu I-566. Yangu ilirudi mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimejaza sehemu isiyonihusu. Mara ya pili ilikosa hati ambayo, kwa jinsi nilivyoyaelewa maelekezo, niliamini haihitajiki. Mwalimu mkuu alinisubiri mwezi wa kwanza, akanisubiri wa pili, kisha akamchukua mtu mwingine. Watoto hawawezi kukaa bila mwalimu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba fomu ile haikuandikwa kwenye jiwe. Kwa sheria, kila fomu ya serikali kuu ya Marekani hupewa kibali cha kutumika kwa muda usiozidi miaka 3. Ukikaribia kwisha, idara inayoimiliki lazima itangaze hadharani na kuuliza mtu yeyote mwenye la kusema: maswali haya yana kazi gani, maelekezo yanaeleweka, na kuijaza kunachukua muda gani hasa? Sharti la uraia halipo. Mimi na wewe tunaulizwa pia. Tangu hapo nimefungua majalada, yaani mafaili ya wazi mtandaoni, ya fomu za namna hii nikakuta maoni matatu, mawili, au hakuna kabisa, wakati ubalozini kwenye sherehe ya sikukuu ya taifa kila mwenza niliyekaa naye alikuwa na kisa chake cha fomu kurudishwa. Visa vile vinaishia kwenye sahani za pilau. Mwongozo huu ni wa kuvitoa hapo na kuvifikisha mahali ambapo mtumishi wa serikali analazimika kuvisoma na kuvijibu.

Sheria inayotupa nafasi hii

Inaitwa Paperwork Reduction Act, yaani Sheria ya Kupunguza Makaratasi. Ilipitishwa mwaka 1980 na kuandikwa upya mwaka 1995. Msimamizi wake ni Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, OMB, iliyo chini ya Ikulu ya Marekani. Idara yoyote ikitaka kuuliza watu kumi au zaidi maswali yaleyale, lazima kwanza ipate namba ya OMB. Angalia pembe ya juu ya fomu, upande wa kulia: I-566 ina namba 1615-0027, na chini yake kuna tarehe ya mwisho ya matumizi. Fomu isiyo na namba halali, mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutoijibu.

Wakenya wataitambua roho ya jambo hili, maana Katiba yao ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi katika tunu za taifa, na wamezoea kuitwa ukumbini kutoa maoni juu ya miswada. Huku Marekani, kwa fomu kama hii, hakuna ukumbi wala kipaza sauti. Kila kitu kinakwenda kwa maandishi, na maandishi yana muda wake.

Hatua ya kwanza: ijue safari ya fomu kabla ya kuisema

Maoni mengi hupotea kwa sababu mtu analalamikia dirisha lisilohusika. Kwa familia ya mtumishi wa ubalozi, wenye viza za A-1 na A-2, safari iko hivi. Unajaza I-566 pamoja na I-765, ambayo ndiyo ombi la kibali cha kazi chenyewe. Ubalozi unathibitisha na kuzipeleka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwenye ofisi inayoshughulikia balozi za kigeni. Wizara inaangalia kama nchi yako na Marekani zina makubaliano ya maandishi kuhusu kazi za wategemezi, au kama kuna desturi ya kutendeana sawa, yaani wenza wa Wamarekani walioko kwenu wanaruhusiwa kufanya kazi. Wizara ikiridhika inaandika pendekezo lake kwenye fomu, na mafaili yanahamia USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ambayo ndiyo yenye uamuzi na ndiyo inayotoa kadi. Familia za walioko kwenye uwakilishi wa nchi zao Umoja wa Mataifa, New York, zinapitia Ujumbe wa Marekani kwenye Umoja huo. Familia za walioko kwenye NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, zina njia yao.

Katika mikono yote hiyo, mwenye fomu I-566 ni USCIS. Ndiyo inayotoa tangazo, na ndiyo inayopokea maoni.

Kitu kingine cha kukijua: fomu hii haikutengenezwa kwa kibali cha kazi tu. Anayetaka kuhama kutoka hadhi ya kidiplomasia kwenda hadhi nyingine, au kuingia katika hadhi hiyo, na anayeomba ukaazi wa kudumu huku akiwa na hadhi hiyo, wote wanaitumia. Shughuli tatu ndani ya karatasi moja. Kosa langu la kwanza, la kujaza sehemu isiyonihusu, lilizaliwa hapo.

Tofautisha pia fomu na kanuni. Kanuni za uhamiaji ndizo zinazosema nani ni mtegemezi: mwenza, mtoto asiyeoa au kuolewa aliye chini ya miaka 21, aliye chini ya miaka 23 kama anasoma chuo kwa muda wote, hadi chini ya 25 kwa nchi ambazo makubaliano yao yanaruhusu, na mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kujitegemea. Ukiandika kwamba umri wa 23 uongezwe, umepiga hodi nyumba ya jirani. Lakini ukiandika kwamba maelekezo hayaonyeshi wazi ni barua ya namna gani kutoka chuoni inayokubalika kwa mtoto aliyevuka 21, hapo umegusa fomu yenyewe.

Hatua ya pili: weka daftari la saa

Ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu, ningekupa hii, na ianze leo hata kama tangazo bado halijatoka.

Sheria inaipima fomu kwa kitu kinachoitwa mzigo, na mzigo unahesabiwa kwa saa na fedha. Katika saa hizo mnahesabiwa kusoma maelekezo, kutafuta hati, kujaza, kupitia upya ulichojaza, na kuwasilisha. Kila tangazo hutaja makadirio ya idara: watu wangapi wataijaza kwa mwaka, na kila mmoja atatumia saa ngapi. Makadirio hayo yanatoka mezani kwa mtu ambaye huenda hajawahi kukaa sebuleni na pasipoti nne, mtoto analia, akijiuliza kama “mwombaji” anayetajwa hapa ni yeye au ni mume wake. Sisi ndio tunaojua.

Kwa hiyo chukua daftari la kawaida. Kila unapogusa fomu, andika tarehe, ulichofanya na dakika. Usikadirie baadaye kwa kumbukumbu, maana hasira huongeza namba na aibu huzipunguza. Andika pia fedha: picha za pasipoti, kuchapisha, posta, nauli ya treni au maegesho ulipokwenda ubalozini kupata sahihi. Kila hati isiyo ya Kiingereza inayokwenda USCIS lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba ni sahihi na kwamba ana uwezo wa kutafsiri. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili, au kwa Kifaransa kwa wenzetu wa Kongo na Burundi, kinaingia hapo. Kanuni haidai kwamba mtafsiri awe na leseni. Rafiki anayezijua vizuri lugha zote mbili anaweza kuthibitisha. Watu wanalipa fedha nyingi kwa kutokujua hili. Ukilipa, andika ulicholipa.

Sasa sikiliza jambo linalowakwaza wengi, lililonikwaza hata mimi nilipoandika maoni yangu ya kwanza. Muda wa kusubiri si mzigo. Wiki ulizokaa ukichungulia sanduku la barua hazihesabiwi katika saa za fomu, kwa sababu hukuwa ukiifanyia fomu kazi. Najua inauma, kwangu kusubiri ndiko kulikonigharimu ajira. Lakini maoni yanayosema tu “inachelewa mno” yatajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hayahusu ukusanyaji wa taarifa. Dawa yake ni kurudi nyuma hadi chanzo. Ilichelewa kwa nini? Ilirudishwa. Ilirudishwa kwa nini? Maelekezo ya kipengele fulani yanasomeka kwa namna mbili. Kurudishwa kulikufanya ujaze upya, utafute hati upya, ufuatilie sahihi upya, na kazi hiyo ya pili ni mzigo halali. Iandike kwa dakika.

Hatua ya tatu: linase tangazo

Matangazo hutoka katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali kuu ya Marekani, ambalo kwetu tungelifananisha na Gazeti la Serikali. Linachapishwa kila siku ya kazi, na lipo bure mtandaoni, federalregister.gov. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika “I-566”, kisha jaribu “1615-0027”. Ukifungua akaunti unaweza kujiandikisha ili utafutaji huo ukutumie barua pepe kila linapotoka jambo jipya. Inachukua dakika chache na inakuondolea kazi ya kukumbuka.

Kichwa cha tangazo kitakuwa kirefu na kikavu, kikianza na maneno Agency Information Collection Activities. Usikipite kwa kudhani hakikuhusu. Ndani yake kutakuwa na kauli kuhusu aina ya ombi: ama fomu inarefushwa muda bila mabadiliko, ama inafanyiwa marekebisho. Watu wakiona “bila mabadiliko” huona wamechelewa. Hawajachelewa. Idara ndiyo inayosema haioni haja ya kubadili kitu, nawe unaulizwa kama unakubali.

Tangazo la kwanza linatoa siku 60. Tarehe ya mwisho huwa imeandikwa humo, inakili ukutani. Ukitaka kukisia lini litatoka, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pembe ya fomu. Mchakato mzima unakula miezi, kwa hiyo anza kuchungulia tangu kumebaki kama mwaka mmoja.

Hatua ya nne: fungua jalada usome

Tangazo linataja namba ya jalada. Nenda regulations.gov, iandike, na utakuta nyaraka zilizoambatanishwa. Usiogope wingi wake, huhitaji zote.

Soma rasimu ya fomu na rasimu ya maelekezo. Kama kuna marekebisho, USCIS huweka pia jedwali lenye safu mbili, maneno ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili. Jedwali hilo litakuokolea jioni nzima.

Kisha tafuta maelezo ya utetezi ya idara, yanayoitwa Supporting Statement. Hapo ndipo idara inapojieleza kwa OMB kwa nini inahitaji kila inachouliza. Yana vipengele 18, na vinne vinatutosha. Cha 3 kinaeleza kama teknolojia imetumika kupunguza kazi. Cha 4 kinaeleza juhudi za kutouliza jambo ambalo serikali tayari inalijua. Cha 12 kina hesabu ya saa. Cha 13 kina gharama za anayejaza. Linganisha cha 12 na daftari lako, na cha 13 na risiti zako. Ukiona tofauti, umepata maoni.

Hatua ya tano: andika

Kila tangazo linaomba maoni juu ya mambo manne. Fuata mpangilio huohuo, kwa sababu mtumishi atakayekusoma ana fomu ya kujaza yeye pia, na maoni yaliyopangwa kwa utaratibu wake yanaingia moja kwa moja. Huna haja ya kujibu yote manne. Jibu lile ambalo una ushahidi nalo.

La kwanza ni kama taarifa zinazoulizwa zina umuhimu na manufaa kweli. Hapa kuna hoja yenye nguvu ambayo sijaona watu wengi wakiitumia. Ubalozi huijulisha Wizara ya Mambo ya Nje kila mtumishi na mtegemezi wake wanapowasili, kupitia mfumo wa kielektroniki wa Wizara. Jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, pasipoti yangu, na kwamba mimi ni mke wa nani, yote Wizara iliyapokea wiki tulizofika. Uliza kwa heshima: ni maswali gani kwenye I-566 yanayorudia yaliyomo tayari kwenye mfumo huo, na kwa nini yasijazwe yenyewe? Taja maswali kwa namba za sehemu na vipengele vyake.

La pili ni usahihi wa makadirio ya mzigo. Hili ni lako kabisa, na daftari lako ndilo shahidi. Tazama tofauti ya maoni haya mawili.

Ya kwanza: “Fomu hii inachosha sana na inazitesa familia za wanadiplomasia. Tafadhali ifanyeni iwe rahisi.”

Ya pili: “Mimi ni mwenza wa mtumishi wa ubalozi mwenye viza A-2. Nilijaza I-566 mwaka huu na niliandika muda niliotumia. Kusoma maelekezo: dakika 50. Kutafuta na kunakili pasipoti, viza na rekodi ya kuingia I-94: dakika 80. Kujaza na kukagua: dakika 40. Kuipeleka ubalozini kwa ajili ya sahihi: dakika 45. Jumla ni dakika 215, yaani saa 3 na dakika 35. Fomu ilirudishwa kwa sababu nilijaza sehemu ya wanaobadili hadhi. Kuirekebisha na kuiwasilisha tena kulichukua dakika 95 zaidi. Makadirio yaliyo kwenye tangazo hayaonekani kuhesabu kazi ya kupata sahihi ya ubalozi wala kurudia fomu. Naomba idara ieleze kama mambo hayo mawili yamo katika hesabu yake.”

Ya kwanza ni ya kweli, lakini anayesoma hana la kuifanyia. Ya pili inamlazimisha atoe kikokotoo. Angalia pia sentensi yake ya mwisho, inauliza swali linalohitaji jibu. Hesabu ya serikali ni kuzidisha tu: tuseme, kwa mfano wa kubuni, idara inakadiria watu 5,000 kwa saa 1.5, inapata saa 7,500 kwa mwaka. Ukionyesha kwamba ni saa 3, zinakuwa 15,000, na OMB itataka kujua zile nyingine zilikuwa wapi. Mtu mmoja si ushahidi wa watu elfu tano, na usijifanye hivyo. Lakini wenza sita wa balozi tofauti wakiandika kila mmoja daftari lake, picha inaanza kuonekana. Mlio Washington, Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, Mkongomani, Mrundi na Mwomani, mnaweza kukaa siku moja mezani na kila mtu akahesabu zake. Msinakiliane. Barua kumi zenye maneno yaleyale zinahesabiwa kama hoja moja.

La tatu ni ubora na uwazi wa taarifa zinazokusanywa, yaani lugha ya fomu. Hapa toa dawa pamoja na ugonjwa. Usiseme “haieleweki”, nakili sentensi ya maelekezo kama ilivyo, eleza ulivyoielewa, eleza walivyokusudia ulivyokuja kujua baadaye, kisha andika sentensi unayopendekeza badala yake. Mimi nilipendekeza mstari mmoja juu kabisa: unaomba kibali cha kazi, jaza sehemu hizi na hizi, ruka nyingine. Sentensi iliyo tayari ni rahisi kuikubali kuliko malalamiko. Na kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza, sema hivyo bila haya. Karibu wote wanaojaza fomu hii wametoka nje ya Marekani, hivyo sentensi ndefu yenye vifungu vitatu vya sheria inawakwaza watu haohao ambao iliandikwa kwa ajili yao.

La nne ni kupunguza mzigo, hasa kwa teknolojia. Sema pale ulipolazimika kuchapisha, kutia sahihi kwa kalamu, kuskani na kutuma, na pendekeza hatua moja iondolewe. Moja tu, iliyo wazi.

Andika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha itakayosomwa. Kama unafikiri vizuri zaidi kwa Kiswahili, anza rasimu kwa Kiswahili, hoja zikae sawa, halafu uhamishie. Kiingereza cha kawaida kinatosha.

Hatua ya sita: yasiyopaswa kuandikwa

Maoni huwekwa hadharani kama yalivyoandikwa, na yeyote duniani anaweza kuyasoma. Kwa hiyo usiweke namba ya pasipoti, namba ya faili lako USCIS, tarehe ya kuzaliwa, anwani, wala majina ya watoto. Usiambatanishe nakala ya fomu uliyoijaza. Usiulize kesi yako imefikia wapi. Tangazo lenyewe linakataza, na kesi yako haitasogea hata hatua. Unaweza kutuma bila jina kabisa, na maoni yako yatasomwa vilevile.

Kuna la kwetu sisi wa balozini. Ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 inawataka wenye kinga za kidiplomasia waheshimu sheria za nchi mwenyeji na wasiingilie mambo yake ya ndani. Kujibu swali ambalo serikali yenyewe imelitangaza, kuhusu fomu uliyoijaza mwenyewe, kwa maoni yangu hakukaribii hata mpaka wa jambo hilo. Hata hivyo mwambie mwenzio kabla ya kutuma, naye amwambie mkuu wake wa utawala ubalozini. Baadhi ya balozi zina utaratibu wao, na hakuna faida ya mume wako kuitwa ofisini kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa mazungumzo ya dakika mbili. Andika kama wewe, kamwe si kwa niaba ya ubalozi. Ubalozi ukiwa na lake huzungumza na Wizara kwa njia zake. Na uiache siasa ya uhamiaji ya nchi ya watu ipumzike. Fomu inatosha.

Hatua ya saba: tuma, na utunze namba

Kwenye jalada, regulations.gov, kuna kitufe cha kutoa maoni. Kisanduku kinapokea herufi 5,000. Maoni marefu zaidi yaambatanishe kama faili. Chagua kama unaandika kama mtu binafsi, taasisi, au bila jina. Ukimaliza utapewa namba ya ufuatiliaji. Ibandike kwenye daftari. Maoni hayaonekani papo hapo, hivyo usitume mara ya pili kwa wasiwasi.

Hatua ya nane: rudi tena, siku 30

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, na hapa ndipo penye nguvu zaidi. Baada ya siku 60 kuisha, idara inakusanya maoni, inaamua, kisha inatoa tangazo la pili na kupeleka fomu OMB. Tangazo hilo linatoa siku 30, na safari hii maoni, ambayo kwa fomu za USCIS hutumwa tena kupitia regulations.gov, yanaonwa na OMB. Msomaji amebadilika: aliyeandika fomu sasa naye anakaguliwa.

Tangazo la pili husema kama maoni yalipokelewa katika awamu ya kwanza. Fungua kipengele cha 8 cha maelezo ya utetezi, ambamo idara inapaswa kueleza maoni iliyoyapata na ilichofanya. Mara nyingine jibu lipo kwenye jedwali la peke yake. Jitafute. Kama wamekujibu na kukubali, andika mistari miwili kuunga mkono, maana badiliko zuri nalo linahitaji mtetezi. Kama wamekataa kwa sababu isiyogusa hoja yako, waambie OMB hivyo kwa utulivu: niliuliza kama saa za kufuatilia sahihi zimehesabiwa, jibu linazungumzia muda wa kushughulikia maombi, naomba swali lijibiwe. Kama hukuandika awamu ya kwanza, bado unaruhusiwa kuandika sasa.

OMB inaweza kuidhinisha fomu, kuidhinisha kwa masharti, au kuirudisha. Uamuzi huwekwa kwenye tovuti ya serikali ya reginfo.gov, na unaweza kuuona kwa kutafuta namba ileile 1615-0027.

Baada ya hapo

Toleo jipya likitoka, lipakue na ulilinganishe na la zamani, sehemu kwa sehemu. Tumia toleo lenye tarehe inayokubaliwa kwenye ukurasa wa fomu wa USCIS, kwa sababu toleo lililopitwa linaweza kukurudishia maombi mwanzo kabisa. Andika tarehe mpya ya mwisho wa matumizi kwenye kalenda ya simu, na weka ukumbusho mwaka mmoja kabla.

Pengine wakati huo hutakuwepo. Kituo ni miaka michache, kisha mnafunga mizigo. Familia inayokuja kushika nafasi yenu mtawaachia namba ya daktari wa watoto, duka linalouza unga wa ugali, na fundi wa gari asiyepunja. Waachie na daftari lile, lenye dakika zako zote, namba ya ufuatiliaji iliyobandikwa ndani, na ukurasa mtupu ulioandikwa juu yake tarehe ya tangazo linalofuata.